Nasaba za Palma na Viti vya Kanisa la Myddle

Mwanzoni mwa karne ya 18, mzee mmoja aitwaye Richard Gough aliketi nyumbani kwake Shropshire, magharibi mwa Uingereza, akaanza kuandika habari za majirani zake. Alikuwa amepita miaka sitini na mitano. Hakuanza na wafalme wala maaskofu. Alichora ramani ya ndani ya kanisa la kijiji chake cha Myddle, kila kiti mahali pake, kisha akashika kiti kimoja kimoja na kusimulia familia yenye haki ya kukikalia: nani alimwoa binti wa nani, nani alirithi shamba, nani alilewa mpaka mali ikamwishia mikononi, nani aliiba, nani alikwenda vitani asirudi. Myddle ni kijiji, na jirani yake ni Wem, mji mdogo wa soko ambao nyumba zake nyingi ziliteketea kwa moto mwaka 1677. Kazi ya Gough haikuchapishwa hadi 1834, zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake, na hadi leo mtu anayetafuta asili ya watu wa miji midogo ya Uingereza hawezi kuipita.

Naiweka kazi hiyo ubavuni mwa pwani ya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, kutoka kisiwa cha Ibo hadi mto Ruvuma unapoingia baharini, kwa sababu ya usemi mmoja unaorudiwa mno: kwamba Waingereza wana karatasi na sisi tuna midomo. Usemi huo unawadhulumu watu wa pwani, ambao wameandika kwa karne nyingi. Pia unawasifu Waingereza kwa jambo lisilo lao, maana karatasi zao nyingi hazikuandikwa kwa ajili ya kumbukumbu ya mtu yeyote.

Daftari za parokia zilianza mwaka 1538. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila kanisa liandike ubatizo, ndoa na maziko. Kufikia 1598 makanisa yalikuwa yakitakiwa kunakili daftari zao kila mwaka na kumpelekea askofu nakala, agizo lililookoa majina mengi pale daftari la asili lilipooza au kuungua. Mwaka 1837 serikali ikaanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo yenyewe, na tangu sensa ya 1841 majina ya watu wa kila nyumba yakawa yanaandikwa. Mjukuu wa fundi viatu wa Wem akiwa na subira anaweza leo kushika uzi huo na kurudi nyuma karne tatu au nne, jina kwa jina.

Tazama lakini uzi huo unampitia nani. Unampitia baba. Mwanamke akiolewa jina lake linamezwa, na katika daftari nyingi za zamani mtoto anaandikwa kuwa wa fulani na mkewe, mke akibaki na jina la ubatizo peke yake, bila kwao. Maskini naye hujitokeza pale anapokuwa mzigo. Sheria ya 1662 iliipa parokia uwezo wa kumrudisha masikini mahali alikotoka, hivyo watu wasio na kitu walihojiwa mbele ya mahakimu: ulizaliwa wapi, ulimtumikia nani, ulipanga nyumba gani. Mahojiano yale, yaliyokusudiwa kumfukuza mtu, ndiyo yamekuwa wasifu pekee wa maelfu ya vibarua wa Kiingereza. Miaka hiyohiyo, kati ya 1662 na 1689, nchi ilitozwa kodi ya meko, na orodha za meko zikawa hazina nyingine kwa wanaotafuta mababu. Dola iliandika ili ikamate, itoze, ifukuze. Wajukuu ndio waliokuja kuyageuza maandishi hayo kuwa urithi.

Watu wa Cabo Delgado hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Kampuni ya Niassa, iliyopewa mkataba na Ureno mwaka 1891 na kuitawala nchi hiyo hadi 1929, ilihesabu vibanda ili kila kibanda kilipe. Tofauti ni kwamba watu wengi walijibu kwa miguu: walivuka Ruvuma na kuingia Tanganyika. Hata pale mkusanya kodi alipohesabu, alihesabu paa. Jina la bibi aliyelala chini ya paa hilo halikumhusu.

Sasa tuje kwenye nasaba yenyewe, maana hapa pwani ina utajiri ambao mtu wa Shropshire angeushangaa. Kwenye pwani hii njia mbili za kuhesabu ukoo zinakutana, nazo hazielekei upande mmoja.

Ya kwanza ni ile inayojulikana na kila Mswahili kuanzia Lamu hadi Ngazidja: mnyororo wa baba, fulani bin fulani bin fulani, unaopanda hadi Shirazi, Hadhramaut au Barawa. Mfano wake mkubwa ni historia ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na ambayo Mreno João de Barros alichapisha simulizi inayofanana nayo mwaka 1552. Wamwani, wenyeji wa Ibo, Quissanga, Mocímboa da Praia na Palma, wamo ndani ya ulimwengu huo. Kimwani chao ni jamaa wa karibu wa Kiswahili, ndugu zao wako Mikindani, Kilwa, Zanzibar na visiwa vya Komoro, na masultani wa Tungi, ng'ambo ya Palma, walikuwa sehemu ya mtandao huohuo mpaka Wareno walipoitwaa Tungi kwa nguvu mwaka 1887 kutoka mkononi mwa Zanzibar. Mashekhe wana mnyororo wao mwingine, silsila ya walimu wa tarika, iliyotia mizizi kaskazini mwa Msumbiji tangu mwishoni mwa karne ya 19 kwa walimu waliotoka Komoro na Zanzibar. Nayo inahifadhiwa kwa karatasi: mwanafunzi hupewa ijaza inayotaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake.

Anayesema pwani hii haikuandika aende Maputo, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria ya Msumbiji. Humo zimo barua nyingi za karne ya 19 zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingi kwa Kiswahili, kutoka kwa watawala wa Angoche, Sancul na Quissanga kwenda kwa magavana wa Kireno. Wanahistoria Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamezifanyia kazi kubwa. Ndani yake mna ndoa, magomvi ya urithi wa madaraka, madai ya ukoo. Ni daftari la pwani, isipokuwa liliandikwa na wenyewe kwa haja zao wenyewe.

Njia ya pili ni ya mama. Kwa Wamakua, mtoto huingia katika nihimo, yaani ukoo, ya mamaye, na haruhusiwi kuoa ndani ya nihimo hiyo. Pembeni mwa mwene, mkuu wa ukoo, husimama apwiamwene, mwanamke mwenye heshima ya kuwa shina la ukoo mzima, na bila yeye mwene hana asili ya kujivunia. Simulizi zao zinawarudisha wote kwenye mlima Namuli, huko Zambézia, ambako binadamu walitoka. Wamakonde wa uwanda wa Mueda nao wanahesabu ukoo kwa mama. Nyanda hizo na pwani zimeoana kwa karne nyingi, hivyo mtu wa Palma au Mocímboa aweza kuwa na mnyororo wa baba unaofika Barawa huku upande wa mamaye una ukoo wa bara ambao mnyororo ule haukuutaja hata mara moja.

Jambo hili limepata ushahidi ambao hakuna aliyeutegemea. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Mtwapa ikiwamo. Kundi lililoufanya, akiwamo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, liligundua kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 damu za Afrika na Asia zilichanganyika, tena kwa mpangilio ulio wazi: upande wa Asia uliingia hasa kwa wanaume, wengi wao wa Kiajemi, na upande wa Afrika uliingia hasa kwa wanawake. Wazee waliosimulia Shirazi hawakusema uongo. Walisimulia nusu moja. Nusu ya pili, ile ya mabibi waliowapokea wageni, wakawapa ardhi, lugha na watoto, haikuandikwa kwa sababu mnyororo wa bin na bin hauna pa kuiweka. Cabo Delgado ni mahali ambapo nusu hiyo ya pili bado ina wenyewe wanaoweza kuitaja kwa jina la ukoo, na kwa mizani yangu jambo hilo lina thamani kuliko daftari zote za Shropshire.

Nasema hivyo bila kuisafisha njia ya mama. Kuna kitu ambacho nasaba zetu, za baba na za mama, zimekificha kwa makusudi, nacho ni utumwa. Ibo ilijengwa kwa biashara hiyo. Ngome yake ya São João Baptista, iliyokamilika 1791, ilisimama wakati watu walikuwa wakiuzwa kwenda kwenye mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Mateka aliyebakizwa pwani aliingizwa katika ukoo wa bwana wake, na wajukuu wake wakapewa nihimo isiyokuwa yao. Wema ulikuwamo katika kumpa mtu ukoo, na ukatili vilevile, maana alilipia kwa kusahaulishwa kwao. Mzee ukimwuliza leo, atabadilisha mazungumzo. Hapo ndipo Gough anaponivutia zaidi, kwa sababu yeye hakubadilisha mazungumzo. Aliwataja wezi, walevi na wazinzi wa Myddle, na akawaandika katika viti vyao, karibu na watu wa heshima. Heshima ya kijiji haikuanguka. Kijiji kilipata historia ambayo watu wake wote wamo.

Waliochukuliwa wenyewe mara nyingine walikumbuka zaidi kuliko waliobaki. Kuanzia 1873 Waingereza waliwashusha Durban mamia ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Wajukuu zao wapo hadi leo, wakiitwa Wazanzibari, wakiwa Waislamu, na kwa vizazi kadhaa waliendelea kusema Kimakua katikati ya mji wa Waingereza na Wazulu. Hawakuwa na daftari hata moja la kwao.

Kukosa karatasi kuna gharama, na sitaki nieleweke kana kwamba naikejeli karatasi. Katika miaka ya 1930 Wamakonde wa Msumbiji walianza kupelekwa Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa Kwale, wakasoma Kwale, wakazika Kwale, na bado walibaki watu wasio na nchi. Hawakuweza kuajiriwa kwa halali wala kufungua akaunti ya benki. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na ndipo wakapewa vitambulisho na baadaye kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Walijijua vizuri walikuwa nani. Dola ndiyo haikuwajua, na kujijua peke yake hakumpi mtu kazi.

Kwenye pwani yenyewe, dola zimepishana kwa kasi kiasi kwamba mtu mmoja angeweza kubadilishiwa uraia bila kuhama kibaraza chake. Kionga, karibu na mdomo wa Ruvuma, ilikuwa chini ya Zanzibar, Wajerumani wakaitwaa mwaka 1894, Wareno wakaiteka 1916. Kisha ukaja utaratibu wa Kireno uliowagawa watu, kuanzia 1926 hadi 1961, kuwa raia upande mmoja na "indígena" upande wa pili. Baada ya uhuru wa 1975 serikali ya chama cha Frelimo iliwaondoa machifu na kuwakusanya watu katika vijiji vya pamoja, na Cabo Delgado ilikuwa na vijiji hivyo vingi kuliko mikoa mingine. Kila mara watu walihamishwa kutoka mahali ambapo kumbukumbu ilikuwa imeegemea: mwembe, kisima, makaburi. Hata gesi imefanya hivyo. Watu wa kijiji cha Quitupo, rasi ya Afungi, walihamishiwa Quitunda ili kupisha mradi wa gesi, wakiacha nyuma pwani yao ya kuvulia na ardhi walikozikwa wazee wao.

Kisha vikaja vita. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa na waasi. Agosti 2020 mji wote ulianguka mikononi mwa wapiganaji hao, na ukakaa mikononi mwao mwaka mzima. Machi 24, 2021 ilikuwa zamu ya Palma. Ofisi za serikali zilichomwa pamoja na karatasi zilizokuwamo, na watu waliokimbia usiku hawakubeba vyeti. Katika kilele chake, vita hivyo viliwang'oa makwao watu zaidi ya 800,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na Chuo Kikuu Katoliki cha Msumbiji wamelazimika kuanzisha kazi ya kuwasaidia watu hao kupata upya vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, maana bila hivyo mtu hupata taabu kupita kwenye vizuizi vya askari na kumwandikisha mtoto shule.

Lakini angalia kilichotokea Paquitequete, mtaa wa kale wa Wamwani mjini Pemba, Oktoba 2020, majahazi yalipokuwa yakitua ufukweni siku baada ya siku yakiwa yamejaa watu wa Quissanga, Macomia na visiwani. Katika mkoa mzima wengi wa wakimbizi hawakulala kambini, walipokelewa majumbani. Mwenyeji na mgeni wanaopatana hivyo huanza kwa kuulizana: mama yako ni wa wapi, bibi yako aliolewa na nani, nihimo yako ipi. Ukoo ukishapatikana, mkeka hutandikwa. Nasaba pale ilifanya kazi ambayo cheti hakiwezi kuifanya, na ilifanya haraka kuliko shirika lolote.

Uingereza iliwahi kupita hapo. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1642, daftari za parokia nyingi zilikatika au ziliandikwa ovyo kwa takriban miaka ishirini, na watafutaji wa asili hadi leo hulilalamikia pengo hilo. Gough alikuwa mtoto wa miaka saba au minane. Aliwaona wanaume wakikusanywa kilimani Myddle kuandikishwa jeshini. Miaka sitini baadaye aliandika kwamba kutoka vijiji vitatu vya Myddle, Marton na Newton walikwenda watu ishirini, na kumi na watatu kati yao waliuawa. Aliwataja, pamoja na nyumba walizotoka. Watu ambao daftari liliwaacha waliokolewa na mzee mmoja aliyekumbuka, tena akaandika.

Kwa hiyo nadhani mfano wa kufuata kutoka Shropshire ni kiti, na daftari lije baadaye. Gough alipanga kumbukumbu yake kwa mahali, na mahali pakamvutia kila aliyepahusu: mume na mke aliyetoka parokia nyingine, tajiri wa kiti cha mbele na mwenye kibanda aliyekaa nyuma. Wanaokusanya historia za familia zetu kwa kawaida huanza na mti wa baba, na mti wa baba umekwisha kuwaacha nje mabibi na watumwa kabla kalamu haijagusa karatasi. Mocímboa da Praia ianze na misikiti yake na safu zake, visima na wanawake waliovichota, mitaa na nyumba kama zilivyosimama kabla ya Oktoba 2017. Palma ianze na makaburi. Ibo, ambayo mawe yake yangali yamesimama, iandike nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba waandikwe waliokuwa wakimilikiwa pamoja na waliomiliki. Kila jina la mtu liandikwe na ukoo wa mamaye, hata pale familia inapojivunia Shirazi.

Wanaoweza kufanya hivyo ni watu waliokuwa na umri wa kutosha kuijua mitaa ile kabla haijachomwa, na wengi wao wamekwisha kuwa wazee, wametawanyika Pemba, Metuge, Nampula na ng'ambo ya Ruvuma huko Mtwara. Ndugu msomaji, ikiwa mmoja wao ni wa kwenu, mwulize jina la mama yake na la bibi yake, kisima walichochota na makaburi walikozikwa wazee wao. Andika kwa Kimwani, kwa Kimakua, kwa Kimakonde, kwa Kiswahili, kwa herufi zozote unazozijua, na nakala ya pili mpelekee ndugu anayeishi mji mwingine.